Ukubwa wa Kikosi Kwenye Gemu za Vita vya Kale: Namna ya Kuupanga Kabla Hujaanza Kampeni

Kwenye Rome: Total War ya mwaka 2004 na Medieval II: Total War ya 2006, chaguo la ukubwa wa vikosi, lenye ngazi nne za Small, Normal, Large na Huge, limewekwa kwenye mipangilio ya picha, jirani na vivuli, nyasi na maji. Ndiyo maana wengi wanalichukulia kama pambo la macho: mashine ikiwa na nguvu weka Huge, ikiwa dhaifu weka Small, basi. Lakini vivuli ukivizima, adui anapigana vilevile. Ukubwa wa kikosi ukiubadili, umebadili muda wa pambano, upana wa uwanja na kazi ya wapanda farasi. Kwenye Rome umegusa hata idadi ya wakazi wa miji yako.

Mwongozo huu unaegemea gemu hizo mbili kwa sababu ndizo zinazokubali kucheza kwenye laptopu za mtumba zilizojaa madukani Arusha na Moshi, zile za ofisi zisizo na kadi ya picha ya peke yake. Mwenye mashine kubwa anayecheza gemu za baadaye za Total War, yaani Empire, Shogun 2 au Rome II, atakuta ngazi ya juu inaitwa Ultra badala ya Huge. Mantiki ya vitani ni ileile.

Hatua ya 1: Jua kinachoongezeka na kisichoongezeka

Mfano mzuri, kutoka Rome, ni hastati, askari wa miguu wa Kirumi. Kwenye Normal kikosi chao kina watu 40, kwenye Large 80, kwenye Huge 160. Wakulima, ambao ndio kikosi kikubwa kuliko vingi, wanafika 240 kwenye Huge. Wapanda farasi wa kawaida wa Kirumi wanafika 108.

Sasa angalia visivyoongezeka. Jeshi lina kikomo cha vikosi 20, uweke ngazi yoyote. Gharama ya kuandikisha kikosi na ya kukitunza kila zamu ni ileile. Uwanja hautanuki. Lango la mji lina upana uleule, na ngazi za kupandia ukuta ni zilezile. Mbio za farasi hazibadiliki, na mishale aliyobeba mpiga upinde mmoja ni ileile. Minara ya ukuta inatupa mishale kwa kasi ileile, kwa hiyo mnara unaoua watu 10 umekunyang'anya robo ya kikosi kwenye Normal, lakini kwenye Huge umekukwangua tu.

Watu wameongezeka mara nne ndani ya dunia isiyoongezeka. Matatizo yote yanayofuata yanatoka hapo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya safu ya mbele

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tusipapite haraka. Panga watu 40 kwa safu nne kwenda nyuma: una watu 10 mbele. Kikosi kikigongana na adui, robo ya watu wako wanapigana na wengine wanasubiri. Panga watu 160 kwa umbo lilelile, yaani safu nane: una 20 mbele. Wanaopigana sasa ni mmoja kati ya wanane. Ukali wa upanga ni uleule, lakini sehemu ya kikosi inayogusana na adui imekuwa nusu, kwa hiyo pambano la ana kwa ana linachukua karibu mara mbili ya muda.

Mishale haifuati hesabu hiyo. Wapiga upinde 160 wote wanarusha, kama walivyorusha 40, na adui naye ana watu mara nne. Asilimia wanayoua kwa mrusho mmoja inabaki karibu ileile. Tena kikosi kinene kinadaka hata mshale uliopitiliza safu ya mbele. Kwa hiyo kwenye Huge panga na mkuki vimepungua kasi, upinde haujapungua. Anayeingia Huge kutoka Normal anaona tu kwamba vita vimekuwa virefu, wala hajui kwamba wapiga upinde wake wamepanda cheo.

Kuna njia ya kukwepa urefu huo: wabakize kwenye safu nne, watu 40 mbele. Pambano litaisha kwa muda wa zamani, ila kikosi kimoja sasa kina upana wa vikosi vinne. Ukipanga vinane bega kwa bega una watu 320 kwenye mstari, na kamera haiwezi kuwaona wote bila kupaa juu sana. Ukipaa, askari wanakuwa sisimizi na hujui nani anakimbia.

Kwa hastati kwenye Huge, safu tano au sita zinatosha. Safu tano zinakupa watu 32 mbele. Chini ya nne mstari unapasuka farasi wakiugonga. Juu ya nane unalisha watu wanaosimama bure. Wenye mikuki mirefu ndio pekee wa kuachwa wanene, maana mikuki ya safu za nyuma nayo inafika mbele.

Hatua ya 3: Badilisha saa ya wapanda farasi

Mbio ni zilezile na mstari wa adui umekuwa mrefu maradufu au zaidi, kwa hiyo safari ya kuzunguka ubavu nayo imerefuka. Ukisubiri mpaka panga zigongane ndipo uwatume, kwenye Normal unawahi. Kwenye Huge wanafika wakiwa wamechoka, na farasi aliyechoka hapigi kishindo.

Waanzishe mapema, wakati askari wa miguu bado wanatembea kuelekea adui. Wapeleke kwa mwendo wa kawaida mpaka nyuma ya ubavu, wasimame wajipange, ndipo uamuru mbio. Kwenye Medieval II kujipanga ni lazima: kikosi cha farasi kinatakiwa kuanza kikiwa kimenyooka na mbele pako wazi ndipo kishushe mikuki pamoja. Kikosi kikubwa kinachelewa kunyooka, na nusu yake ikiwa bado inageuka, watakaofika mbele watafika na panga mkononi, mmojammoja, kama hais zinazogombea abiria. Wape sekunde za kutulia.

Faida yake ni kubwa kuliko usumbufu. Pambano la miguu limekuwa refu, kwa hiyo una nafasi ya kupiga mgongoni, kuwatoa, kuwarudisha nyuma, na kupiga tena mara ya pili na ya tatu. Kwenye Small nafasi hiyo hakuna. Adui amekwisha kukimbia kabla hujageuza farasi. Tena hofu ya kupigwa mgongoni inakishika kikosi kizima kwa pamoja: ukikivunja moyo, wanaokimbia ni 160.

Kwa mantiki hiyohiyo, weka akiba. Vikosi vitatu au vinne kati ya 20 vikae nyuma ya mstari. Kwenye ngazi ndogo akiba mara nyingi haipati kazi, lakini kwenye Huge ndiyo inayoziba pengo dakika ya kumi.

Hatua ya 4: Zima kikomo cha muda wa vita

Hili ni jambo dogo lakini limewaliza wengi. Unapoanza kampeni kwenye Rome au Medieval II kuna chaguo la kikomo cha muda wa vita. Muda ukiisha, mshambuliaji ameshindwa, hata kama adui amebaki na watu 30 uwanjani. Kwa kuwa Huge inarefusha kila kitu, hasa kuvunja miji, saa iliyokuwa inatosha kwenye Normal haitoshi tena. Zima kikomo hicho hapohapo mwanzoni.

Hatua ya 5: Kwenye Rome, hesabu wakazi kabla ya kuandikisha

Medieval II haina shida hii. Kule askari wanatoka kwenye akiba inayojijaza yenyewe kadiri zamu zinavyopita. Rome inakata watu halisi. Kila askari unayemwandikisha anatolewa kwenye wakazi wa mji ule, na miji haikui kwa kasi zaidi kwa sababu umechagua Huge.

Chukua mji wa watu 1,500 unaokua kwa asilimia 2 kila zamu. Hiyo ni watu 30. Kikosi cha hastati kwenye Normal kinakula ukuaji wa zamu moja na kidogo. Kwenye Huge kikosi hichohicho kinakula zaidi ya zamu tano. Ukiandikisha kimoja kila zamu, mji unakonda mpaka gemu inakataa, maana hairuhusu wakazi washuke chini ya 400. Mji mdogo wa watu 700 unaweza kukupa kikosi kimoja cha wakulima tu: 700 kutoa 240 ni 460, na hapo mlango umefungwa.

Kosa linalofuata ni la ngazi za mji. Ili kujenga makao ya gavana ya ngazi inayofuata, mji unatakiwa uwe na watu 2,000, kisha 6,000, kisha 12,000, na mwisho 24,000. Ukiwa na watu 2,200 ukaandikisha hastati wawili kwanza, umebaki na 1,880, na ujenzi hauanzi. Jenga kwanza, andikisha baadaye. Ujenzi ukishakamilika mji haurudi nyuma hata wakazi wakipungua.

Kujaza pengo la majeruhi nako kunakata wakazi. Jeshi lililopoteza watu 900 usilirudishe lote kwenye mji mmoja wa mpakani. Ligawe miji miwili mitatu, au lipeleke kwenye mji mkubwa uliolemewa na uchafu na msongamano. Huo utashukuru, maana msongamano ndio unaoleta maasi.

Hapo Huge inakupa silaha ambayo ngazi ndogo hazina. Andikisha wakulima 240 kwenye mji uliofurika, watembeze mpaka mji uliokonda, kisha kivunje kikosi humohumo. Wanakuwa wakazi wa mji mpya. Vikosi vinne ni watu 960, karibu nusu ya safari ya kufika 2,000. Kwenye Normal ungehitaji vikosi 16 na subira ya mzee wa boma.

Hatua ya 6: Jifunze kupita langoni

Umewahi kuona watu wanavyotoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mechi ikiisha, wote kwa mlango mmoja? Kikosi cha watu 160 kilichopangwa watu 32 mbele kinafanya hivyohivyo kwenye lango la mji. Wa katikati wanapita, wa pembeni wanagonga ukuta, wengine wanageuka kutafuta njia nyingine, na gemu inakihesabu kikosi kizima kuwa bado kiko njiani.

Kabla ya kuingia, kibane kikosi mpaka watu sita hadi wanane mbele. Amuru kifike mahali palipo ndani kabisa ya lango, si langoni penyewe, ili wa nyuma wapate pa kusimama. Ingiza kikosi kimoja. Kikiisha kuingia chote ndipo cha pili. Wakikwama, bonyeza amri ya kusimama, subiri wajikusanye, amuru upya. Kubofya mara kumi kwa hasira kunawachanganya zaidi.

Miji yenye malango ya mawe inamwaga mafuta ya moto juu ya wanaopita chini. Kwenye Normal yanaunguza wachache kwa sababu wachache ndio waliopo. Kwenye Huge msongamano wenyewe unageuka kuni. Ukiweza, teka kwanza nyumba ya lango kutoka juu ya ukuta, mafuta yanakoma. Ngazi na minara ya magurudumu kipatie kikosi kimojakimoja, na ujue kupanda kutachukua muda mrefu: watu ni mara nne, vipandio ni vilevile. Wapiga upinde wako wawe wanawashughulisha walinzi muda wote huo.

Ndani, mitaa ni myembamba na idadi haina maana. Watu wanane wanapigana na wanane, 150 wanatazama migongo. Tafuta mtaa wa pili wa kutokea uwanja wa katikati. Ukiushika peke yako kwa dakika tatu kwenye Rome, mji ni wako. Ngome kubwa za Medieval II zina hadi kuta tatu, na huko Huge inachosha kweli. Kama kampeni yako itakuwa ya kuvunja ngome tupu, Large inaleta raha zaidi. Hayo ni maoni, lakini jaribu uone.

Hatua ya 7: Pima mashine, usikisie

Anzisha vita vya kujichagulia, vikosi 20 kwa 20, vyote vya miguu, kwenye ngazi unayoitaka. Kama gemu iko Steam, duka la gemu la mtandaoni, washa kihesabu cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) kilichomo kwenye mipangilio yake. Tazama mara tatu: kamera ikiwa juu, kamera ikiwa katikati ya mapigano, na kisha kwenye vita vya kuzingira mji. Ukipata fremu 25 hadi 30 kwa sekunde katikati ya mapigano, unaweza kucheza bila kuumwa kichwa. Gemu hizi si za kulenga shabaha.

Zikishuka chini ya hapo, tafuta mkosaji kabla ya kupunguza watu. Mapigano yakiwa yamepamba moto, simamisha vita kwa P bila kusogeza kamera. Picha ni ileile, ila prosesa imepumzika kuwahesabia askari hatua na mapigo. Fremu zikiruka juu ghafla, mkosaji ni prosesa, na dawa yake ni ukubwa wa kikosi. Zisipobadilika, mkosaji ni kadi ya picha. Hapo punguza kwanza vivuli, kisha ulainishaji wa kingo (anti-aliasing), nyasi, na ubora wa sura za askari, na watu uwaache kama walivyo. Wengi wanafanya kinyume: wanakata jeshi kuwa Small ilhali vivuli vimewaka vyote.

Gemu hizi za zamani zinategemea zaidi kiini kimoja cha prosesa. Laptopu yenye viini vinane vya polepole inaweza kushindwa na yenye viwili vya haraka. Unaponunua dukani, uliza kasi ya prosesa na usitekwe na idadi ya viini.

Jaribio lichukue dakika 20, si mbili. Laptopu ya mtumba yenye vumbi kwenye feni inaanza vizuri, inapata moto, kisha inajipunguzia kasi yenyewe. Moshi mwezi wa Februari hilo linatokea mapema kuliko Arusha. Iinue nyuma kwa vitabu viwili hewa ipite, na usiiweke juu ya godoro. Pima ikiwa kwenye chaja, halafu pima tena kwa betri, kwa sababu mashine nyingi zinabana kasi zikikosa umeme. Umeme ukikatika katikati ya mzingiro wa Huge, unaweza kubaki na fremu nane na betri ya nusu saa. Kwa hiyo hifadhi kampeni kabla ya kila vita. Vita vyenyewe haviwezi kuhifadhiwa katikati.

Hatua ya 8: Chagua, kisha usiguse tena

Kwenye Rome na Medieval II ukubwa unaoanza nao kampeni ndio utakaomaliza nao. Ukibadilisha baadaye, kampeni iliyohifadhiwa inabaki na wake wa mwanzo. Kwa hiyo Hatua ya 7 ni ya kabla ya kampeni, si zamu ya 60.

Kwa mashine ya kawaida, Large ndiyo yenye uwiano mzuri: hastati 80, farasi wana nafasi ya kurudia shambulio, miji ya Rome haikauki, malango yanapitika. Huge ni ya anayependa mstari mrefu na subira ya kupanga. Small ifanye kimbilio la mwisho, na ukiitumia punguza wapiga upinde, ongeza askari wazito, maana kila kitu kitaamuliwa dakika za mwanzo.

Empire ina jambo lake. Kabla ya kupata ufundi wa kufyatua safu kwa safu, safu ya mbele tu ndiyo inayopiga magobori. Kikosi cha watu 160 kwenye safu tatu kina bunduki 53 zinazofanya kazi. Kwenye safu mbili 80. Vikosi kumi vya safu tatu tayari ni watu 530 bega kwa bega, kwa hiyo usivitandaze vyote. Tandaza sita, vinne vikae nyuma ya mapengo vikisubiri walio mbele wachoke.

Ukicheza na rafiki kwa mtandao wa nyumbani, kubalianeni ngazi kabla, na mchague ile inayobebwa na mashine dhaifu kati ya mbili, maana ikikwama moja mnakwama wote.

Mount & Blade: Warband inaonekana kuwa na kitu kilekile lakini sicho. Kule unapanga jumla ya watu uwanjani, mwisho 150 pande zote mbili. Waliozidi wanakuja kwa mawimbi wengine wakifa. Kwa hiyo namba ndogo inamsaidia mwenye watu wachache walio hodari: hazingirwi na umati wote kwa mara moja. Ujuzi wa mbinu za vita nao unakuongezea sehemu ya watu wako kwenye wimbi la kwanza. Age of Empires II nayo inaweka kikomo cha watu, kwa kawaida 200, na humo vibarua wa mashamba wanahesabiwa pamoja na askari. Ukiwa na vibarua 110 umebakiwa na nafasi 90 za jeshi. Ukishusha kikomo kuwa 75 bila kupunguza vibarua, huna hata nafasi ya mlinzi mmoja wa lango.